Chupa ya Mjomba Lukasi na Dawa ya Angani

Mtanicheka, na mcheke tu, maana mtu aliyepanda juu ya jiwe mbele ya kijiji kizima, akili zake timamu, shati limepigwa pasi, akaiachia kwa makusudi chupa ya dawa ya mgonjwa wake mwenyewe ianguke, huyo hana pa kujificha, na huyo mtu ni mimi.

Miaka ile ya ujamaa, ile ya mwishoni ya foleni za sabuni, nilikuwa mganga msaidizi kwenye zahanati ya kijiji kimoja huko juu Uluguru, saa nne kwa miguu hadi Morogoro mjini (wanakijiji waliniita daktari na mimi sikuwakataza). Kila asubuhi alikuja Mjomba Lukasi, mkulima wa kabichi, mwembamba, mwenye ugonjwa wa sukari, nikamchoma sindano ya insulini. Jokofu hatukuwa nalo, kwa hiyo chupa yake ilikaa ndani ya mtungi wa maji nyuma ya mlango, ikapoa vizuri kabisa. Sasa huyu hakuwa mjomba wangu, alikuwa mjomba wa Tekla, binti niliyetaka kumuoa, na kwa Waluguru mnajua wenyewe, baba anaweza kukubali mara kumi lakini mjomba akikohoa tu umekwisha.

Basi mhadhiri mmoja aliyepita kwetu akichunguza udongo akaniachia gazeti la Kiingereza, nikasoma humo kwamba wataalamu wa Marekani wanapeleka mitambo angani kujaribu kusafisha dawa huko huko, kwa sababu huko vitu havina uzito, hakuna kinachozama wala kinachoelea, na uchafu unatengana na dawa kwa urahisi kuliko huku chini. Na wanatumaini siku moja kuwafaa hata watu wa sukari! Nilipigwa na butwaa. Nikamwomba mwenyekiti nafasi kwenye mkutano wa kijiji wa Jumamosi.

Hapo ndipo nilipofanya uamuzi mdogo ulioniponza. Nilikuwa na chupa tupu ya kuonyesha, lakini tupu haina mvuto, nikachukua ile iliyojaa, ya Mjomba, ambayo dawa yake ikitulia unga mweupe unashuka chini.

Nikaeleza weee. Kisha Mjomba Lukasi akasimama, akasema, "Daktari, mimi ninayechomwa hiyo dawa ndiye nauliza. Kitu kisiwe na uzito? Hata unyoya una uzito. Usitufanye watoto."

Tekla alikuwa amekaa mstari wa mbele. Ningenyamaza, ningekuwa na heshima yangu hadi leo. Badala yake nikakumbuka gazeti lilisema kitu kikiwa kinaanguka, kwa muda ule mfupi, kilichomo ndani yake kinakuwa kama hakina uzito, nikasema, "Mjomba, nitakuonyesha sasa hivi." Nikaomba blanketi, nikawaweka wajumbe wanne wa nyumba kumi kumi walishike pembe nne, nikapanda lile jiwe kubwa pembeni mwa uwanja, juu kama watu watatu wamepandana, nikainua chupa. (Hata ingefika salama, nani angeona kilichotokea ndani yake kwa kufumba na kufumbua? Hilo nililiwaza baadaye.)

"Moja, mbili, tatu!"

Nikaachia, na papo hapo nyuma yetu ikasikika sauti, "Tumsifu Yesu Kristo!" Paroko alikuwa amefika, pikipiki ameiacha chini kwenye daraja, na wajumbe wangu, Wakatoliki wa kuzaliwa, wawili wa upande mmoja wakaachia blanketi ili wavue kofia. "Milele na milele, amina," kijiji kizima kikaitikia, na katikati ya amina nikasikia kioo kinapasuka kwenye jiwe.

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililonitisha. Nikashuka jiwe kwa makalio. Mjomba aliyainamia yale maji meupe yanayonywewa na udongo, akauliza polepole, "Nyingine ipo?"

"Haipo, Mjomba."

"Sasa kesho nachomwa nini?"

Niliteremka mlima mbio na viatu vyangu vya mkutano, nikafika hospitali mjini nikaambiwa mwenye ufunguo wa stoo yuko msibani Turiani hadi kesho. Nililala kwenye benchi. Jumapili alasiri akaja, mama mnene mpole, akauliza ya kwanza imekwenda wapi, na mimi kwa uchovu nikasema ukweli wote, anga, jiwe, blanketi na paroko. Akaita, "Jamani, njooni mumsikie huyu!" Wauguzi wakaja, wagonjwa wakaja, mmoja ana mguu wa plasta, nikarudia yote wakiwa wameshikana mbavu, ndipo nikapewa chupa imezungushiwa pamba iliyolowa maji ndani ya kopo.

Giza lilinikamata njiani nikalala kwa watu, na Jumatatu asubuhi nilimkuta Mjomba amelala, midomo imekauka, anatapika, amemaliza ndoo ya maji na bado ana kiu. Tekla alimshika mkono, nikachoma, nikamnywesha maji yenye chumvi kidogo kidogo, nikamkagua kutwa nzima, na jua lilipoanza kushuka alifumbua macho akaomba uji. Nililia mbele za watu, sikuona haya.

Baada ya wiki tatu nilipeleka posa. Mjomba Lukasi alikuwa ameketi, mtungi uko miguuni pake (alikuwa ameuhamishia nyumbani kwake, na kila asubuhi alikuja na chupa mfukoni, nikavuta dawa mbele ya macho yake, akairudisha mfukoni).

"Mpwa wangu nakupa," alisema. "Kamtunze. Lakini chupa hii sikupi."

Nikasema asante, Mjomba, na tangu siku hiyo nikitakiwa kueleza jambo la kitaalamu nalieleza kwa mdomo tu, mikono nimeifunga nyuma.