Shairi Ambalo Mama Yake Hakulielewa

Nilifika Kampala kwa kumfuata mume wangu, aliyekuwa amepata kazi katika kiwanda cha sabuni, kama Wakenya wengi wa kanisa letu walioingia Uganda baada ya vita kwisha na biashara kufunguka. Tulipanga Kansanga, vyumba viwili nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Nilikuwa na cheti cha ualimu na sikutaka kukaa bure, kwa hiyo niliomba kazi katika shule moja ya sekondari chini ya kilima cha Naguru. Mkuu wa shule aliniuliza ninafundisha nini. Nikamwambia Kiswahili. Akacheka, si kwa dharau, akasema, "Madamu, hapa hilo ni somo la watoto wa polisi."

Hakukosea. Karibu wanafunzi wangu wote walitoka kambi ya polisi pale juu. Wazazi wao walikuwa watu wa kaskazini, mara nyingi baba ana lugha yake na mama ana yake, na Kiswahili ndicho kilichowakutanisha. Watoto wa Kiganda walikaa mbali nacho. Ukisema neno la Kiswahili kwenye varanda, uliwaona wavulana wakiinua mikono juu kama watu waliosimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani, kisha wanaangua kicheko. Mimi nilitoka mahali ambapo Kiswahili ni lugha ya kununulia nyanya na kuombea chakula. Ilinichukua muda kuelewa kwamba mikono ile haikuwa mzaha mtupu, kwamba hapa kilikuwa lugha ya wenye bunduki.

Nilianzisha chama cha ushairi kwa sababu ya watoto wa kambini. Kiswahili chao kilikuwa kingi lakini kimevunjika, "mtoto yangu", "kitu yangu", na sarufi ya ubaoni iliwachosha. Niligundua kwamba mtoto yule yule anayekataa kusahihishwa darasani atarudia mstari wa shairi mara kumi bila kulalamika, akitafuta vina viingiane. Tukawa tunakutana Jumatano baada ya masomo katika chumba cha sayansi, kati ya meza zenye madoa ya tindikali. Aliyeongoza wenzake alikuwa binti wa sajini mmoja, mrefu, mwenye sauti nzito iliyojaza chumba hata akinong'ona.

Muhula wa pili msichana mwingine alisimama mlangoni. Alikuwa Mganda, mdogo wa umbo, sweta limefumwa upya viwikoni. Nilimjua kwa sura tu.

"Madamu," alisema, "nataka kujifunza mashaili."

Watoto wa kambini wakacheka. Binti wa sajini hakucheka. Alisogea kwenye benchi akampa nafasi.

Alikuwa akitoka Bwaise, mtaa wa bondeni unaofurika kila mvua inaponyesha, akiishi na mama yake peke yao. Kiswahili hakuwa nacho, ila masikio kama yake sijapata kuyaona tena. Mstari ulikuwa ukiingia mara moja na haupotei. Shida ilikuwa ni r na l, ambazo ulimi wake ulizibadilisha kila zilipokutana. Binti wa sajini ndiye aliyejipa kazi ya kumnyoosha. Nilikuwa nikiwakuta wakati wa chakula, wameketi nyuma ya jiko la shule, mmoja anasema "mlango, mlango, barabara", mwingine anarudia huku amejishika shavu ili ausikie ulimi ukienda. Na yule wa Bwaise, ambaye alikuwa anajifunza kwa kitabu, akawa anamsahihisha mwenzake: "Si mtoto yangu. Ni wangu." Wakawa hawaachani.

Mkuu wa shule aliposema anataka kitu kutoka kwetu Siku ya Wazazi, nilijua kitakuwa chao wawili. Tulikubaliana liwe shairi la kujibizana, mmoja anamngoja mtu, mwingine anamjibu. Maneno waliyatunga wenyewe, mimi nilihesabu mizani tu. Wa Bwaise alianza:

*Nimeketi mlangoni, nangoja aliyekwenda,*
*Chakula kipo mekoni, kiti chake nakilinda.*

Binti wa sajini alikwenda nalo kambini, akarudi na jibu:

*Usingoje mlangoni, aliyekwenda kaenda.*

Nilimuuliza yule wa kwanza anamngoja nani. Akasema baba yake alipotea yeye akiwa bado anabebwa mgongoni. Alisema hivyo tu, kama mtu anayetaja kijiji alichozaliwa. Kampala ya miaka ile watoto wengi walisema hivyo, na hatukuwa na desturi ya kuuliza zaidi.

Wiki chache kabla ya siku yenyewe akaacha kuja. Binti wa sajini aliniletea habari. "Madamu, mama yake amekataa. Alimsikia anasema shairi akifua nguo. Anasema hataki hii Kiswahili kwa nyumba yake."

Jumamosi nilikwenda Bwaise. Mvua ilikuwa imenyesha na maji yalikuwa bado yamesimama kati ya nyumba, meusi, watu wamepanga matofali ya kukanyagia. Mama alikuwa mbele ya nyumba akikaanga mihogo ya kuuza. Mwanamke mwembamba, hajazeeka. Alinipigia magoti kunisalimu kama akina mama wa Kiganda wanavyofanya, akanipa kigoda, akamwita binti yake aje, kwa sababu Kiganda changu kilikuwa cha sokoni na Kiingereza yeye hakuwa nacho. Ndivyo ilivyotokea kwamba mtoto mwenyewe akawa mkalimani wetu.

Nilisema niliyokuja kusema, kwamba mtoto ana kipaji, kwamba shairi halina ubaya. Mama alisikiliza huku akigeuza mihogo. Kisha akaanza kusema, polepole, na msichana akafuata nyuma yake kwa Kiswahili.

"Anasema baba alikuwa fundi cherehani. Anasema ilikuwa mchana. Baba alikuwa hapo kwenye baraza, anapiga pasi suruali ya mtu. Lori la wanajeshi likasimama. Anasema waliruka chini kama wamefika kwao." Akamsikiliza mama tena. "Anasema baba hakujua Kiswahili. Alijua neno moja tu, la kuwajibu wasikasirike."

Hapo mama alisema kitu ambacho hakikuhitaji mkalimani. Alikisema kwa Kiswahili, kwa sauti isiyo yake, nene, ya mwanamume.

"Wewe unajua watu ya msituni?"

Akageuza uso upande mwingine, akajibu kwa sauti ndogo, ya heshima, "Ndiyo, afande."

Msichana alikuwa amefungua mdomo kutafsiri. Hakutafsiri. Alinitazama, akamtazama mama yake, nikaona kwamba hadithi ile alikuwa hajawahi kuisikia yote. Mama aliendelea kwa Kiganda, naye mtoto hakusema tena neno, lakini mengine niliweza kuyafuata. Walimpandisha kwenye lori, pasi ameiacha juu ya suruali. Jirani mmoja aliyejua Kiswahili kidogo ndiye aliyemweleza mama baadaye kile mumewe alichoulizwa, kama anawajua waasi wa msituni. Mama mwenyewe alikuwa amedhani wanamsalimu tu mumewe. Suruali iliungua. Mume hakurudi, na hakuna aliyewahi kumwonyesha kaburi.

Mafuta yalikuwa yanatoa moshi. Mama aliepua mihogo, akanifungia mingine kwenye karatasi, akakataa niilipie. Nilikwenda zangu bila kuomba tena kitu.

Sikutegemea kumwona mtoto yule chumbani kwangu. Lakini baada ya Jumatano mbili alikuja, na mama yake nyuma yake, amevaa gomesi, gauni refu la Kiganda, ya kutokea. Walikuwa wamejipangia maneno njiani.

"Madamu, mama anasema nijifunze," msichana alisema. "Anasema, mtu akiniuliza kitu, nijue ninaulizwa nini." Mama alitikisa kichwa kukubali. "Lakini nyumbani nisiseme."

Nilimwambia tunaweza kubadili shairi, tutunge jingine la shule au la mazingira. Wasichana wote wawili walikataa. Binti wa sajini alikuwa ameshasimuliwa yote. Niliona kwa jinsi alivyomshika mwenzake mkono chini ya meza. Aliniuliza kama afadhali yeye atoke, ampishe mwingine ambaye baba yake si askari. Yule wa Bwaise alimjibu kwa Kiganda, kwa ukali, na mazungumzo hayo yakaishia hapo.

Wakafanya mazoezi kuliko wakati mwingine wowote. Tulijaribu mahali pa kusimama, mahali pa kuvuta pumzi, jinsi ya kutupa sauti hadi benchi la mwisho bila kupiga kelele. Niliwashonea vitambaa viwili vya mabegani, rangi moja. Wa Bwaise hakukosea tena r hata mara moja, lakini alikuwa amekonda, na akimaliza ubeti wake alibaki amesimama akitazama ukuta hadi mwenzake aanze.

Siku ya Wazazi ukumbi ulijaa. Sajini alikuja moja kwa moja kutoka kazini, na sare yake, kofia ameikunja mkononi. Alikuwa mtu mpole, mwenye haya kidogo, na alikuwa amewahi akapata kiti cha mbele. Mama wa Bwaise aliingia watu wamekwisha kukaa. Nilikuwa jukwaani nikipanga watoto, nikaona yote na sikuweza kufika. Sajini alimwona mwanamke amesimama bila kiti. Akainuka, akafuta kiti chake kwa kiganja, akasema kwa lugha pekee aliyokuwa nayo ya kumwambia mgeni, "Karibu mama. Kaa hapa."

Mama aligandamana na ukuta. Sajini akadhani hakusikia, akasema tena, kwa sauti zaidi, akionyesha kiti. Mama alirudi nyuma hadi mlangoni, akaketi kwenye ncha ya benchi la wapishi. Sajini alibaki amesimama na kofia yake, hajui amekosea wapi. Kiti kile kilikaa tupu, hakukirudia.

Wasichana walikuwa wameona. Nilimnong'oneza wa Bwaise kwamba akitaka tutaacha. Akasema, "Hapana, Madamu," akatoka mbele za watu.

Nimesikiliza wanafunzi wengi tangu hapo. Sijasikia tena ukumbi ukitulia vile. Alisema beti zake bila haraka, macho yakiwa mlangoni kwa mama yake, na mwenzake alimjibu kwa ile sauti nzito, laini kama anamfunika. Wavulana wa kuinua mikono walikuwa wamekaa kimya dirishani. Walipomaliza watu walisimama kupiga makofi, hata ambao hawakuelewa.

Mama hakupiga. Nilimfuata nje, nikamkuta amejishika kwenye nguzo. Tuliongea kwa Kiganda changu kibovu.

"Amesema vizuri?"

"Vizuri sana, nnyabo," nikamjibu, kwa neno lao la kumheshimu mama.

"Nilikuwa namtazama mdomo," alisema. "Nilijaribu kumsikia yeye peke yake. Nikawasikia na wale wa lori." Alifuta uso kwa mshipi wa gomesi. "Umefanya kazi, mwalimu, asante. Lakini sitaweza tena. Nisamehe."

Mtoto hakubishana. Jumatatu alinirudishia kitambaa kimefuliwa na kupigwa pasi. Sajini alihamishiwa mbali kabla ya mwaka kwisha na binti yake akaondoka naye. Chama kiliendelea kidogo na watoto sita, kisha wanne, kisha somo lenyewe likaondolewa kwenye ratiba, nami nikapewa dini na jiografia.

Miaka mingi baadaye mwanamke mmoja alinisimamisha Kansanga mbele ya duka la dawa. Alikuwa yeye, mtu mzima, na mtoto mkononi. Tulishikana muda mrefu. Aliniambia kwa Kiswahili kwamba mama amefariki, alikuwa ameugua miezi mingi, na yeye ndiye aliyemuuguza.

"Karibu na mwisho aliniuliza nilisema nini siku ile," alisema. "Hakuwa ameniuliza kabla."

"Ukamwambia?"

"Nilimwambia lilikuwa shairi la kuomba mvua." Alimhamishia mtoto bega la pili. "Akacheka, Madamu. Akasema, Bwaise, na ninyi mlikuwa mnaomba mvua."

Mtoto alianza kulia kwa njaa, tukaingia dukani kumtafutia kitu.