Mti Ulio Chini ya Shamba la Zipora

Jua la kijijini Mlali limeshaanza kuuma mgongo, na Evodia yumo ndani ya shimo linalomfika kiunoni. Anapukusa udongo kwa vidole, taratibu, kama anayemvua nguo mtoto aliyesinzia. Kando ya shimo kuna kisiki cha mgunga, cheusi kwa moto, kimechipua vijiti kama fagio.

Ukingoni amesimama mama yake, Zipora, jembe begani.

"Shimo la nini tena? Nimeshakwambia, mvua ikikaribia nang'oa visiki vyote."

Evodia, miaka ishirini na tisa, anasomea kilimo na maliasili chuoni mjini Dodoma. Jumamosi hufanya kibarua kwenye kitalu cha miche, apate nauli na sabuni. Sasa yuko nyumbani kwa mafunzo ya vitendo: kukirudisha kisiki kuwa mti. Unaacha chipukizi lililonyooka, unapogoa mengine, unalifunga kitambaa wapitao wajue lina mwenyewe. Mkufunzi atakuja kukagua. Asipokuta visiki, mwaka unarudiwa.

Lakini hapa shamba la mwanamke mchapakazi ni jeupe. Zipora amekulia kwenye kuberega: fyeka, kusanya, choma. Kisiki kikibaki, watu husema.

Na wanasema kweli. Silvano, jirani yao, hapiti bila kumsalimu Evodia kwa Kigogo, akimtania. "Mbukwa, mama Afisa! Huko chuoni mnafundishwa kupalilia kuni?"

"Mimi nitarudi chuoni," anajisemea Evodia. "Mama ndiye anabaki na vicheko."

Ndiyo maana amechimba, mama ajionee mwenyewe. Msimu uliopita ekari zao tatu zilitoa magunia mawili tu ya mtama. Udongo wa juu ulishaondoka na upepo.

"Mama, shuka uone."

Zipora anaweka jembe, anakaza khanga, anashuka akinung'unika. Mzizi uko mbele yake, mnene kama paja, umezama wima hadi macho yanapokoma. Evodia anamshika mkono, anauingiza udongoni kando ya mzizi. Huko juu ardhi imepasuka kama kisigino. Huku chini kuna ubaridi. Kuna majimaji.

Zipora hautoi mkono.

"Nilipoolewa hapa nilikikuta hiki kisiki," anasema kwa sauti ndogo. "Nimekichoma kila mwaka. Kila mwaka, Evodia! Na bado kinakunywa?"

"Bado, mama."

Zipora anachana upindo wa khanga yake. Anavigusa vijiti kimoja kimoja, anakiruka kirefu kilichopinda, anakifunga kitambaa kinene kilichonyooka.

Evodia anatamani kuwa afisa ugani wa huku huku kwao, wilayani Kongwa. "Sitaanza na mkutano," anasema. "Nitaanza na shimo."

Jioni Silvano anakatisha shambani, kama kawaida yake.

"Zunguka, shemeji!" Zipora anapaza sauti. "Unakanyaga mti!"

Silvano anabaki na mguu hewani. Anatazama kulia, anatazama kushoto, shamba tupu.

"Mti upi, mama Evodia?"

"Lete mkono," anasema Zipora, akitangulia shimoni.