Kisu cha Mama Ndani ya Ndoo ya Mafuta ya Sangara

Nilichoma kisu cha mama. Na si kwa bahati mbaya. Nilikaa kabisa nikakipepea kwenye jiko la mkaa mpaka kikawa chekundu kama pilipili, halafu nikakizamisha kwenye ndoo ya mafuta ya sangara.

Mafuta hayo tulikuwaga tunayayeyusha kutoka kwenye mapanki, ile mifupa na vichwa vinavyobaki minofu ikishachukuliwa. Ya ndoo ile yalikuwa yameshachacha, juu yanaelea mainzi yaliyokufa yameshiba. Kisu kilipoingia, moshi ulinipanda puani ukashukia kooni. Nikakimbia kutapika chooni, na nakwambia, choo ndicho kilikuwa na hewa safi.

Yote ni fizikia. Mwalimu alitueleza habari za chuma cha miguu ya ndege, ile inayobeba uzito wote ndege ikitua. Kinapashwa hadi kiwe chekundu, kinazamishwa kwenye mafuta kipoe ghafla, kinakuwa kigumu ajabu. Alipofika sehemu ya pili, mimi nilikuwa nyuma naigiza anavyovuta suruali. Hiyo sehemu ya pili ndiyo hii: kikishapoa kinarudishwa kwenye moto wa wastani, ugumu upungue kidogo, la sivyo kinavunjika kama sahani.

Asubuhi mama akakishika kisu kumkata sangara mkubwa wa harusi ya Manyamanyama, kule Bunda. Gari lilikuwa limeshafika kumchukua samaki huyo.

"Mbona kinanuka hivi?"

"Nimekiimarisha, mama. Sasa hivi ni chuma cha ndege."

"Cha ndege." Akapiga uti wa mgongo. Kah. Ncha ikavunjika, ikapotelea tumboni mwa samaki.

Mama alikitazama kipande kilichobaki mkononi, kisu alichofuliwa na mhunzi wa Butiama kwa springi ya gari.

"Siwezi kulisha watu chuma," akasema. "Ncha isipoonekana, samaki huyu namfukia, na wale wa harusi hawarudi tena kwangu. Ingiza mikono."

Nikaingiza. Utumbo wa sangara unateleza kama kamasi la mtoto mwenye mafua. Huyu alikuwa amemeza furu, vile visamaki vidogo vya ziwani. Vimeshalainika kama uji, ila macho yapo, yananitazama. Nilivikamua kimoja kimoja. Maji yake yaliniingia mdomoni.

Dereva aliziba pua kwa kola. "Dogo, ukimaliza usiegemee gari langu."

Ncha niliikuta imejibana chini ya ini. Mama akaiunganisha na kipande chake, vikalingana, hakuna kilichopungua. Akaazima panga la jirani, akamalizia kukata, samaki akaondoka kwenda Bunda. Nikanawa mara mbili kwa sabuni ya kufulia, nikasogea mlangoni kutafuta kifungua kinywa.

Mama hata hakugeuka. "Chai yako nimeimimina kwenye kopo, huko nje. Vikombe vyangu usiguse."