Siku Niliyomkalisha Jogoo Kwenye Draya

Kuna aibu ukishaisimulia inaisha, na kuna hii yangu, ambayo kila nikiisimulia natafuta kitu cha kufunika uso.

Nina jogoo aina ya brahma, jina lake Bosi, akisimama anapita goti langu (na mimi si mfupi), na miguu yake ina manyoya mpaka vidoleni kama amevaa suruali. Raha kumtazama, kazi kumtunza, maana matope yakigandia kwenye yale manyoya utitiri unahamia humo, kwa hiyo lazima umwoshe na umkaushe vizuri, hasa baridi ya Johannesburg ikishaanza. Basi Jumamosi moja nikajiambia, wewe si una saluni hapo Jules Street, maji ya moto yapo, draya ipo? Mpeleke, utamaliza kabla wateja hawajaja.

Mteja wa kwanza siku hiyo alikuwa Mama Furaha, Mkongo wa Uvira, mtu wa heshima kanisani kwetu. Kwangu hakuwa mteja tu. Mimi natoka Kigoma, wazazi wangu wameshatangulia mbele za haki, na Jumapili wajomba wa Joel, mchumba wangu, walikuwa wanakuja kuzungumza mahari. Sasa msichana atakaaje kwenye kochi ajipangie mahari mwenyewe? Nilikuwa nimemwomba Mama Furaha asimame kama mama yangu, akasema atanijibu nikimsuka.

Nimemwosha Bosi, ndiyo kwanza naanza kumkausha, umeme ukakatika. Kutupa macho nje, Mama Furaha huyo, kawahi, anavuka kwenye roboti, zile taa za barabarani! Nikapaniki. Nikamviringisha Bosi kwenye taulo, nikamkalisha kitini, nikamfunika kepu ya wateja, lile shuka la kufunga shingoni, nikamshushia kofia ya draya (kuku ukimtia gizani anatulia). Ukimwona kwa nyuma ungesema ni bibi mdogo anasubiri umeme.

"Jambo, mama," Mama Furaha akamsalimia.

Nikajifanya natafuta kitana.

"Jambo, mama! Eh, mutu akisalimiwa haitike?"

"Anaumwa koo," nikasema. Ule uongo sijui ulitoka wapi.

Nikaanza kumsuka haraka haraka. Nimefika nusu ya kichwa, akaingiwa na huruma, akainuka, akaweka mkono juu ya ile draya na kufumba macho. "Bwana, huyu mama mufungulie sauti!"

Umeme ukarudi.

Draya ikampulizia Bosi hewa ya moto, na Bosi akawika, wallahi akawika sauti yake yote, akaruka na kepu yake shingoni. Mama Furaha alitoka mbio mpaka barabarani, nusu kichwa kimesukwa, nusu nywele zimetimka, Bosi nyuma yake, na vijana wa spaza, kile kiduka cha jirani, wanapiga makofi: "Eish, gogo, kimbia!" Gogo kwa Kizulu ni bibi.

Alirudi kuchukua mkoba. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga.

"Siko nakasirika juu ya kuku," alisema. "Kuku nimefuga tangu kwetu. Nakasirika juu umenifanya mugeni. Mutoto hafichake mama yake kuku."

Akaondoka. Nilikaa sakafuni na Bosi wangu mbichi, nikalia, kwa sababu alisema kweli. Ugenini tunazoea kuficha, mwenye nyumba asijue hili, jirani asisikie lile, mpaka unasahau kwamba mama ni yule ambaye hufagii nyumba kwanza ndipo umkaribishe.

Jumapili wajomba wameshakaa, nimeshakata tamaa, mlango ukafunguliwa. Mama Furaha, kitambaa kichwani, kitenge cha sikukuu. Akaketi upande wangu.

"Mujue mbele," akawaambia, "huyu mutoto wangu iko na wazimu ya kuku. Lakini mahari, hatupunguze."

Nikakimbilia jikoni, maana machozi hayakunisubiri. Na nimeapa: jogoo ataoshwa mchana kweupe, na mama akibisha hodi, nitamfungulia na mapovu yangu mkononi.