Chai ya Dundori iliyovuruga mchezo wa Rahab

Saa nne asubuhi, Mai Mahiu, malori yamejipanga kando ya barabara na breki zake bado zinanuka moto wa mteremko. Kwenye kibanda cha Mama Rahab hakuna anayeyatazama. Macho yote yako kwenye kompyuta ndogo iliyowekwa kati ya sahani ya mandazi na chupa ya chai, na mbele yake ameketi dereva wa lori aitwaye Wamalwa, vidole vyake vinene vikipapasa vitufe.

Nyuma yake amesimama Rahab Nyokabi, miaka 29, mwandishi wa hadithi za michezo ya kompyuta. Anatafuna kona ya leso. Wamalwa akiifunga kompyuta leo kama alivyoifunga wiki mbili zilizopita, sehemu anayoipenda Rahab kuliko zote itafutwa, na roho ya mchezo itaondoka nayo.

"Huyu mzee hana huruma," ananong'ona Rahab, kicheko kikimtoka kwa wasiwasi. "Ndiyo maana nikamtafuta yeye."

Rahab anafanya kazi Nakuru mjini, katika chumba kimoja juu ya duka la mbegu, na mwenzake Joash Ooko, mtaalamu wa kompyuta. Kabla ya hapo alimimina chai katika kibanda hiki hiki cha mama yake kwa miaka saba. Siku ikiwa nzuri faida ilikuwa shilingi mia sita, siku ya mvua mia mbili. Lakini masikio yake yalishiba kila siku, maana dereva anayengoja injini ipoe hana kazi ila kupiga stori.

Joash alimkuta hapo miaka mitatu iliyopita akisimulia kisa cha dereva aliyepotelea kwenye ukungu. Chai ya Joash ikapoa kikombeni. Alipoondoka alikuwa ameshampa Rahab kazi, na leo Rahab anapata shilingi elfu ishirini na nane kwa mwezi, maadamu mradi unaishi.

Mchezo wao unamhusu Tabitha, msichana anayeendesha lori la viazi kutoka Dundori. Mvua inakuja. Saa sita kamili mto utabomoa daraja, na kaka yake anamngoja ng'ambo. Viazi vikishapakiwa, mama mwenye shamba anamkaribisha Tabitha chai, na mchezaji anapewa vitufe viwili: kunywa au kuondoka.

Rahab alikuwa na hakika watu wataondoka mbio, kwa kuwa redio ya lori imeshatangaza mvua. Kwa hiyo nyuma ya kitufe cha chai hakuandika jambo la maana. Ukikibonyeza, yule mama anakwambia haya basi, nenda tu mwanangu, na lori linang'oa nanga.

Wakawapa watu kumi na mmoja waujaribu. Wote kumi na mmoja wakabonyeza chai.

Lo, na Rahab mwenyewe kazaliwa Dundori! Nani amewahi kutoka kwenye boma la watu kule na koo kavu, eti kwa sababu ya mawingu? Mama yake aliposikia alicheka hadi akakalia kreti ya soda, kisha akamwuliza ni nani aliyemlea. Mfugaji mmoja wa ng'ombe wa maziwa, Chemutai, alibonyeza chai mara nne mfululizo akidhani mashine imekwama.

Wamalwa ndiye aliyechoma zaidi. Aliifunga kompyuta taratibu na kusema maneno ambayo Rahab ameyabandika ukutani pale kazini: "Kama ulikuwa umeshaamua, uliniuliza ya nini sasa?"

Joash alitaka kitufe kitolewe. Hesabu yake haina mchezo: kila chaguo likizaa njia mbili, na kila njia ikizaa nyingine mbili, machaguo kumi yanafikisha njia 1,024. Nao ni watu wawili tu. Zaidi ya hayo, alisema, hadithi ni lazima ifike pale daraja linapobomoka, la sivyo kila kinachofuata hakina mantiki.

Rahab alikataa katakata. Walizozana siku tatu, na sura ya kwanza inatakiwa kwenye shindano Nairobi kufikia Jumatatu. Wakikosa, mradi unafungwa na Rahab anarudi kwenye chupa za chai. Mwishowe wakakubaliana: Wamalwa ajaribu tena. Akiifunga kompyuta, kitufe kinakwenda.

Jibu Rahab alilipata akimsaidia mama yake kuosha vikombe. Aligundua kwamba mvua haijui nani amekunywa chai. "Nikamwambia Joash, mvua tuiachie hadithi, moyo tumwachie mchezaji," anasema, na macho yanamwaka kama wazo ndiyo kwanza limemjia. "Saa sita daraja litaanguka, upende usipende. Lakini utakuwa upande gani wa mto, na umebeba nini, hayo ni yako."

Ukiondoka, unavuka na viazi vyako na kumkuta kaka. Ukinywa chai, yule mama anakusimulia habari za marehemu baba yako, ambaye alizoea kukalia kiti hicho hicho ulichokalia. Mto ni mmoja, kingo mbili. Joash aliyachora hayo kwenye karatasi, kisha akaomba apewe usiku mmoja tu.

Sasa Wamalwa amefika kwenye vitufe viwili. Anabonyeza chai bila kufikiri. Anamsikiliza yule mama mpaka mwisho, kisha analiendesha lori mpaka mtoni. Daraja halipo. Ng'ambo, kaka anapunga mkono, na viazi havitavuka.

Wamalwa anavua kofia, na mkono wake unakwenda kwenye kifuniko cha kompyuta. Rahab anafumba macho.

Hakifungi. Anafuta vumbi kwenye kioo na kuanza upya.

Safari hii anajua gharama yake. Kwenye vitufe viwili anakaa muda mrefu, kidole juu ya kuondoka, chai yake mwenyewe ikipoa. Kisha anabonyeza chai.

"Waru ni viazi tu, zitapandwa tena," anasema bila kugeuka. "Hii stori ya baba nikiiacha, nitaipata wapi?"

Rahab anapiga ukelele, watu wanageuka mpaka upande wa pili wa barabara. Anamkumbatia mama yake, birika na vyote. Joash, aliyekuwa amejibanza mlangoni, anakuja, anaisogeza kompyuta na kuituma sura Nairobi hapo hapo mezani, siku mbili kabla ya muda kwisha.

Majibu yatatoka baada ya wiki sita. Rahab hangoji. Sura ya pili ameshaianza kwenye daftari la oda la kibanda, na ndoto yake ni mchezo uchezwe kutoka Olkaria hadi Dundori. Sura hiyo inaanzia mtoni: Tabitha aliyekunywa chai anasimama ukingoni, anamsimulia kaka yake habari za baba kwa sauti ya juu, neno kwa neno, maji yakinguruma katikati.

"Na waliokataa chai?" anauliza Mama Rahab, akimwongezea Wamalwa kikombe.

"Hao wako na waru zao zote, na kaka yuko hapo kando yao," anasema Rahab. "Akiwauliza habari za baba, watanyamaza."