Mbegu Nilizopanda Kabla ya Masika

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, maana nilimaliza mbegu zote za nyumba kwa asubuhi moja. Nilikuwa bibi harusi wa miezi minne hapa Msambweni. Mume wangu alikuwa kazini Mombasa, nami nikiishi na mamake, Bi Mwanasha, Mungu amrehemu.

Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili mfululizo. Bi Mwanasha alikuwa anakwenda matangani Shimoni, na kabla hajatoka aliniambia nisipande. Akanionyesha sisimizi kando ya kisima, bado wametulia bondeni. Masika yakikaribia kweli, alisema, wao hubeba mayai yao wakahamia juu. Nikaitikia, lakini moyoni nikamcheka. Mimi niliyesoma, ati, niongozwe na sisimizi?

Nikapanda shamba zima. Mahindi yakaota, yakapendeza. Aliporudi nikamwonyesha kwa fahari. Akatazama tu, akaingia ndani. Kisha jua likawaka wiki tatu, na yote yakakauka. Nikaenda kumpigia magoti.

“Mama, nisamehe. Sikukusikia, na mbegu zimekwisha.”

“Keti, mwanangu,” akasema. “Hata mimi nilikosea. Mwaka mmoja sisimizi walihama, nikapanda kila kitu, na mvua isije. Tangu hapo sipandi mbegu zote mara moja.”

Hakunigombeza. Ila alinituma mimi mwenyewe kwa jirani kuomba mbegu, na haya ile ndiyo iliyonifunza. Jirani alinicheka kidogo, akanipa kibaba kimoja.

Tukangoja. Ijumaa moja sisimizi wakapanda ukuta wetu na mayai yao. Siku ya pili, alfajiri, mvua ikaja kutoka baharini, taratibu, ikakaa, nasi tukapanda. Tulivuna kidogo mwaka ule, lakini mume wangu alipokuja alikuta tunachoma mahindi mabichi.

Leo nakuona, mwanangu, unatazama hali ya hewa kwenye simu. Itazame, ni elimu. Lakini toka nje pia, uangalie ardhi, na uwaulize waliolima hapo kabla yako. Simu hukosea, sisimizi hukosea, na sisi wazee tunakosea. Kwa hiyo bakiza mbegu ndani, na ukiharibu, usione haya kusema umeharibu.

Mola akujaalie mvua ya kheri, na shamba lako liwashibishe wako na jirani zako. Amin.