Jani Ndani ya Pembe

Kagaruki, fundi wa kuchomelea wa Bukoba mjini, hajawahi kukalia kiti kikapata moto. Hata misa ya Kashozi huisikiliza akiwa amesimama mlangoni. Lakini wiki tatu hizo alizidi. Chuo cha hapo mjini kilikuwa kimempa kazi ambayo hakuwahi kuiota: kuunda pembe la bati lenye mdomo mpana kama tenga la kahawa, la kunasa mawimbi ya redio yatokayo kwenye gesi iliyo kati ya nyota. Likifanya vizuri, ataunda na lile kubwa litakalosimamishwa Muleba. Likishindwa, la Muleba litaagizwa Dar es Salaam.

Nalo lilikuwa linashindwa. Kila asubuhi alipanda juu ya paa la chuo, akaligusa, akalifuta, kisha akashuka kumchungulia Mwalimu Evelyne, aliyelichora, akiwa mbele ya kompyuta. Mstari wa mawimbi kwenye kioo ulipaswa kuinuka katikati kama kichuguu. Ulilala tu.

"Mchoro wangu ndio mbovu, fundi," Evelyne alisema Alhamisi. "Kesho naandika hivyo kwenye ripoti."

Kagaruki akaondoka haraka. Aibu kusema, lakini alifurahi kidogo kwamba lawama haikumwangukia yeye.

Nyumbani, mkewe Benigna alikuwa akiepua ebitoke, ndizi za kupika. "Kaa ule, waitu."

Hakukaa. Benigna akafunua majani ya mgomba juu ya sufuria, na mvuke wote uliokuwa umezuiwa ukamrukia Kagaruki usoni. Njaa ikamtoka. Ndani kabisa ya pembe, juu ya kijiti cha shaba kinachopokea mawimbi, yeye mwenyewe alikuwa akiweka jani bichi la mgomba kila asubuhi, mvua isikiharibu, kama mtu yeyote mwenye akili afunikavyo kitu cha thamani. Jani bichi, limejaa maji, likizuia mawimbi kama haya yalivyozuia mvuke.

Angeweza kulitoa kimyakimya. Njia nzima hadi chuoni aliliwaza hilo, na alilipenda. Lakini mficha uchi hazai. Akapanda paani, akalitoa, akaliweka mezani kwa Evelyne, aliyekuwa bado kazini.

"Mwalimu, mchoro wako mzima. Mbovu ni mimi."

Evelyne akageukia kompyuta. Mstari ulikuwa umeinuka.

"Lirudishe," akasema. Mstari ukalala. "Litoe." Ukainuka. Wakarudia mara sita, Evelyne akiandika kila kitu.

"La Muleba utaunda wewe," alisema mwishoni. "Ila ukishalisimamisha, ukae mbali nalo."

"Sawa, Mwalimu," Kagaruki alijibu kutoka juu ya paa. Alikuwa analifuta.